Usipite kina cha jembe: kutafuta sarafu za kale mashambani Iringa

Sarafu ya kwanza niliyoipata kwa mashine ya kutambua metali nilikaribia kuitupa. Ilikuwa Novemba, kwenye shamba la bibi mmoja upande wa Ifunda, mvua ya kwanza imeshanyesha na udongo umelimwa lakini haujapandwa. Mashine ikalia mlio wa juu, safi. Nikachimba kiasi cha kiganja, nikatoa kitu cheusi cha duara chenye tundu katikati, kipana karibu kama kifuniko cha soda. Nikasema moyoni, hii ni washa ya trekta. Kilichoniokoa ni kidole gumba. Nilipoifuta taratibu, yakaanza kuonekana meno mawili ya ndovu yamelizunguka tundu, kisha namba 10, kisha mwaka 1936. Upande wa pili taji, na jina EDWARDVS VIII.

Huyo ni mfalme wa Uingereza aliyekaa madarakani chini ya mwaka mmoja. Alijiuzulu Desemba 1936 kabla hajatawazwa, lakini sarafu zetu za matundu, ambazo hazikuwa na sura ya mfalme ila jina lake tu, zilikuwa zimeshapigwa. Ndiyo maana jina lake lilifika hadi kwenye mashamba ya Nyanda za Juu Kusini. Si sarafu adimu na haijengi nyumba. Lakini nilichuchumaa pale nikiitazama mpaka bibi akaja kuona kama nimeumia.

Tangu siku hiyo wengi wameniuliza waanzie wapi. Nitaeleza nilichojifunza, na nitaanza na jambo ambalo wengi huliruka: ruhusa.

Ukionekana na mashine ya kupima madini kijijini, hakuna atakayeamini kwamba unatafuta vifungo. Watasema unatafuta dhahabu, au mali iliyofukiwa na Mjerumani. Usiwalaumu, maana habari za mali ya Mjerumani kila mtu amezikuta nyumbani kwao. Mimi huanza kwa mwenye shamba, kisha naenda naye kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, naeleza mchana kweupe nitakachofanya, siku ngapi, na kitakachopatikana kitakuwa cha nani. Kwangu kanuni ni moja: kinachopatikana ni cha mwenye shamba, na mimi naomba kupiga picha na kuandika. Asipotaka nichimbe, nasema asante naondoka.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, inalinda maeneo ya kumbukumbu, na kuchimba kwa lengo la kutafuta vitu vya kale kunahitaji leseni. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yako kununua mashine, nenda kwa wanaosimamia Mambo ya Kale, wape jina la kijiji na la mwenye shamba, eleza unachotaka, uombe majibu kwa maandishi. Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pamoja na Lugalo na Mlambalasi, usipeleke mashine hata kwa kupita tu. Lugalo ndipo Wahehe wa Mkwawa walipokiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Zelewski tarehe 17 Agosti 1891, na Mlambalasi ndipo Mkwawa alipofia mwaka 1898. Makaburi na mahali pa matambiko, vivyo hivyo.

Nimejiwekea mpaka mwingine ambao naomba uuchukue kama ulivyo: sipiti kina cha jembe. Tabaka la juu limeshageuzwa na jembe, ng'ombe na trekta mara nyingi sana, na kitu kilichomo humo kimeshahama mahali pake. Chini ya hapo udongo haujaguswa, na kitu kilichomo bado kimelala pale alipokiacha mtu. Mtaalamu akikikuta hapo anaweza kusoma habari nzima: majivu ya jiko, nguzo ya nyumba, nani alikuja kabla ya nani. Mimi na kijiko changu cha bustani tungeifuta habari hiyo kwa dakika tano. Mlio ukitoka chini sana, nafukia, naandika mahali, naondoka. Inauma, lakini nafukia.

Sasa mashine. Ya kwanza niliazima kwa binamu yangu aliyeko kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya, na ilinichosha siku nzima. Mashine nyingi za dhahabu zimetengenezwa zisikie chembe ndogo au ziende chini sana, na nyingine hazitofautishi chuma na shaba. Shamba ambalo watu wamelima na kujenga limejaa misumari, vipande vya majembe na waya, kwa hiyo ililia kila hatua. Kwa sarafu unahitaji detekta inayotenganisha milio. Ndani ya ile sahani ya chini kuna waya uliozungushwa, unapitishwa umeme unaobadilika-badilika, nao unatoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikutana na kitu cha metali, kitu hicho kinazalisha umeme wake mdogo, na sahani inausikia. Shaba na fedha hujibu kwa mlio wa juu, msumari kwa mlio mzito. Sarafu ya kawaida utaisikia hadi sentimita 15 au 20 hivi, zaidi kidogo kama udongo una unyevu.

Udongo wetu mwekundu una chuma ndani yake, nao unaidanganya mashine. Tafuta sehemu isiyo na mlio, pandisha na shusha sahani juu yake mara kadhaa huku ukiisawazisha mpaka itulie. Ukihamia shamba la bondeni lenye udongo mweusi, sawazisha upya. Na usiizungushe kama mtu anayefyeka nyasi. Fyekeo hupanda juu mwishoni mwa kila mkono, na sahani ikipanda hivyo unaacha nusu ya shamba bila kuisikiliza. Iteleze karibu na ardhi, sambamba, polepole, kila mpito ukipandiana na uliopita. Ukipata mlio, geuka upite juu yake kwa upande mwingine. Palipokutana njia mbili ndipo pa kuchimba.

Vifuniko vya soda, betri zilizooza na karatasi za kung'aa za pakiti za sigara utavitoa vingi kuliko sarafu. Vitoe vyote, uviweke kwenye mfuko uondoke navyo. Mwenye shamba akikuona unabeba na vyuma vinavyomkata miguu, mwaka kesho atakuita mwenyewe.

Sarafu zenyewe zinasimulia jinsi tunavyozungumza. Neno hela limetokana na Heller, sarafu ndogo ya Mjerumani. Mwanzoni rupia moja, sarafu kuu ya enzi za Mjerumani, iligawanywa kwa pesa 64, na kuanzia mwaka 1904 ikagawanywa kwa heller 100. Pesa za shaba zina maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Heller za 5 na 10 za miaka ya mwisho zina tundu. Ukiona heller 20 ya mwaka 1916 yenye herufi T, imepigwa Tabora wakati wa vita, sarafu kutoka Ulaya zilipokuwa hazifiki tena. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, pamoja na senti za matundu, ikiwemo ndururu, yaani senti tano. Na usiidharau ile ya mwaka 1966 yenye sura ya Mwalimu Nyerere. Hiyo nayo imeanguka kutoka mfuko wa mtu.

Hapa nataka kusema kwa uchungu kidogo. Jirani yangu aliuza mbuzi wawili ili anunue rupia aliyoambiwa ina nguvu, inavuta mchele, na kwamba kuna tajiri atailipia mamilioni. Tajiri hakuwahi kuonekana. Rupia ya fedha ni sarafu nzuri na wakusanyaji huinunua, lakini haivuti mchele, haivuti kitu chochote. Mtu akikuletea habari hizo, mrudishie rupia yake.

Vifungo ni vigumu kuvitambua kuliko sarafu. Cha jeshi la Mwingereza mara nyingi kina nembo ya simba na farasi mwenye pembe, na nyuma waweza kukuta jina la mji wa Birmingham. Jeshi la Mwingereza chini ya Jenerali Northey liliingia huku kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, mwaka 1916, likapigana Malangali mwezi Julai na kuingia Iringa mwezi Agosti. Baadaye, miaka ya 1940, Ifunda na Kidugala zilikuwa na kambi za wakimbizi wa Kipoland, wengi wao wanawake na watoto, kwa hiyo hata kifungo cha kawaida cha koti naandika kimetoka shamba gani. Kikitoka kitu kirefu chenye ncha, kizito, kilichoota kutu, usikigonge, usikigeuze, usikibebe. Weka alama, ondoa watoto, waite polisi. Miaka mia haijaua baruti.

Kosa langu kubwa lilikuwa nyumbani, si shambani. Nilipata heller moja, nikaisugua kwa limau na majivu kama tulivyofundishwa kusugua sufuria. Iling'aa vizuri. Taji likabaki kivuli, na mwaka ukaondoka kabisa, sitaujua tena. Siku hizi naiosha sarafu kwa maji, na udongo ukigoma nailaza siku kadhaa kwenye maji yaliyokenekwa (distilled water), yale ya kuongezea betri ya gari. Soma chupa vizuri, usichukue ya asidi. Kisha naikausha bila kuisugua, naiweka kwenye bahasha ndogo ya karatasi, na juu naandika tarehe, shamba, kina na kilichopatikana jirani yake.

Kuhusu mahali pa kutafuta, wazee wanajua kuliko mashine. Waulize gulio la zamani lilikuwa wapi, njia ya miguu ilipita wapi, duka lilikuwa wapi. Pesa huanguka pale watu wanapopeana pesa. Mimi hilo nililijua, na bado siku ile Ifunda nilianza kutafuta bila kuuliza, nikapoteza asubuhi nzima kwenye kona ya chini ya shamba kwa sababu ilikuwa tambarare.

Bibi alipoishika ile ya tundu, aliigeuza mara mbili akacheka.

"Hizi mama yangu alizitunga kwenye uzi," akasema. "Akizifunga pindoni mwa kanga, ukimsikia anakuja unajua kama kuna chumvi leo."

Akaifunga yake pindoni. Kisha akaninyooshea kidole kwenye mparachichi mkubwa juu ya shamba.

"Mjukuu wangu, duka la Mhindi lilikuwa pale. Huku chini palikuwa zizi."

Alikuwa anapanda mahindi kesho yake asubuhi. Tumekubaliana nirudi baada ya mavuno.