Msiuze minazi kwa ajili ya kamera

Dada yangu wa Malindi, umeuliza kama muuze kipande cha minazi mlipie kamera ya kuchagulia viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa maabara ili upandikizwe upate mtoto. Nasema msiuze.

Pole kwa miaka sita ya kungoja. Maneno ya mawifi nayajua, yanakata kuliko wembe.

Kamera ile hukaa ndani ya kabati la joto, ikipiga picha kila baada ya dakika chache, yai likigawanyika mbili, nne, nane, hadi siku ya 5, bila kukitoa kiinitete nje. Lakini kuchagua hakuboreshi mayai. Huamua tu kipi kitangulie kupandikizwa. Utafiti uliochapishwa 2024 katika jarida la Lancet, kwa wanawake 1,575 wa Uingereza na Hong Kong, haukuona kamera ikiongeza watoto wanaozaliwa.

Pesa wekeni za kugandishia viinitete vitakavyobaki, na za malazi Mombasa. Waulize pia madaktari wa kliniki: wanawake wa umri wako wangapi wamejifungua kwa matibabu yao?

Na shemeji, amepimwa mbegu? Hukuandika. Huku kwetu mke ndiye huzungushwa hospitali, mume kakaa barazani. Aende wiki hii, tafadhali.