Kuuza Alfa Romeo Spider ya 1974: anza na chini

Ndugu yangu, umesema unataka kuuza Alfa Spider yako ya 1974, ile gari ya Kiitaliano ya wazi juu, uliyoitunza miaka yote hiyo huko Marekani, ila hujui uanzie wapi. Anzia chini. Adui wa gari hizi ni kutu, na mnunuzi anayezijua atalala chini mwenyewe akague sakafu na chini ya milango. Mtangulie: ipandishe kwa fundi, piga picha zinazoonekana vizuri, hata pale palipochomelewa. Nakusihi, usifiche.

Siku mnunuzi anapokuja kuiona, usiipashe injini moto mapema. Mwache aiwashe ikiwa baridi, aingize gia ya pili. Hapo ndipo giaboksi za gari hizi huanza kuchoka, zinakwaruza. Yako ikiingia laini, umeshamshika.

Pampu ya SPICA, ile ya kiwandani inayosukuma petroli kwenye injini, kama bado ipo, itaje. Wengi waliing'oa wakafunga kabureta za Weber badala yake. Risiti zipange kwa tarehe.

Bei linganisha na za gari zilizouzwa kweli mnadani, si zinazotangazwa tu. Na tafadhali usiipake rangi mpya sasa. Mnunuzi atajiuliza umefunika nini.