Mitungi ya gesi stoo? Itoe nje

Dada, umeuliza kama mitungi yako miwili ya kilo 38 inaweza kukaa stoo, pembeni ya friji, kwa kuwa nje ya mgahawa hapo Kiboriloni vibaka hawalali. Hapana. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, inatambaa sakafuni na kutuama. Friji ikijiwasha tu, cheche yake inatosha.

Mwite fundi wa kuchomelea akutengenezee kizimba cha nondo na wavu nje, chenye bati juu, mbali na mlango, madirisha na mfereji wa maji machafu. Ufunguo ukae jikoni kwa mpishi, si kwenye pochi yako. Mitungi isimame wima, hata iliyoisha, maana gesi kidogo hubaki.

Mpira wa kupitisha gesi ukiukunja ukaonyesha nyufa, badilisha leo. Kila ukifunga mtungi mpya, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakifura, kuna uvujaji. Kupima kwa kiberiti, jamani, bado nawaona watu!

Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Funga mtungi, fungua milango, watoe wateja, kisha piga 114 Zimamoto ukiwa nje.