Barua kwa mwanangu: kwanini sijaacha redio ya hapa Kilwa

Mwanangu, mama, hujambo huko Dodoma?

Meseji yako nimeiona, unauliza eti baba unakiaminije hiki kiredio cha wilayani ambacho watangazaji wanakosea mpaka majina ya mawaziri wakati kwenye simu una magazeti yote na taarifa ya habari ya saa mbili ipo. Nilikutumia kikatuni cha kucheka tu ila ngoja leo nikujibu.

Si unakumbuka Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Tarehe 4 usiku nchi nzima ikaambiwa TMA, wale wa hali ya hewa, wametangaza kimbunga kimeisha nguvu baada ya kuingia Mafia, na kweli, hakuna aliyedanganya. Sasa sisi huku ndo shida ilikuwa inaanza, maji yamekata barabara ya kwenda Dar pale Somanga, mabasi na malori yamekwama pande zote, mtu ana mgonjwa, mwingine kapakia samaki wanaoza, anachotaka kujua ni wapi pamekatika na kama kuna upenyo wa kuvuka kwa miguu, hayo utaambiwa na aliyesimama palepale kwenye tope. Habari za Dar zilifika pia, ila zilifika na msafara wa waziri.

Kwenye ufuta ndo usiseme. TV itakwambia bei ya ufuta yapaa Lindi, wamechukua ile bei ya juu ya mnada mmoja basi wamemaliza. Kwani hiyo ndo hela yangu? Kuna makato ya chama kikuu cha ushirika, ya AMCOS (chama cha msingi cha wakulima), ushuru wa halmashauri, ghala, usafiri, kinachobaki ndo cha mkulima. Redio ya hapa inasoma bei ya juu na ya chini, inasema AMCOS ipi hela zimeshaingia benki na ipi bado, na wakikosea wanapigiwa simu hapohapo wakiwa hewani, alafu jioni mtangazaji tunaye kwenye kahawa atakimbilia wapi.

Ila usidhani nimelewa mapenzi. Huyohuyo wa kwenye kahawa kuna vitu havisemi hata umchape. Kuna msimu AMCOS moja ilikaa na hela za watu weee, redio ikatangaza "wakulima waombwa kuwa na subira". Sasa atasemaje na redio inaishi kwa matangazo ya halmashauri, gari la kwenda vijijini ni la halmashauri, posho ni hiyohiyo, na mwenyekiti wa AMCOS ni mjomba wa mtu pale studio? Hapo ndo natafuta gazeti la Dar, hasa ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikishatoka, maana yule mwandishi hajui hata Nangurukuru ilipo lakini hana mjomba huku, anaandika hela za halmashauri zilivyoliwa mpaka sisi tunaoishi hapa tunabaki midomo wazi.

Na sio kwamba redio ya taifa ilikuwa mbali na watu siku zote. Enzi za RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, huku bara redio ilikuwa hiyo moja mpaka miaka ya tisini, na ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, mtu kafa Kilwa ndugu zake wa Tunduru wanaskia jina wanaanza kutafuta usafiri. Siku hizi nusu saa nzima ni viongozi wamezindua, viongozi wamesema, alafu Simba na Yanga.

Kwa hiyo uliponiuliza wakipingana namfuata nani, inategemea wanapingana nini. Barabara, bei, dawa zahanati zipo au hakuna, namfuata wa hapa. Nani kala hela, namsubiri wa mbali, na wote wawili wakinyamaza ndo naanza kupata wasiwasi.

CAG akitoka nitumie zile kurasa za Kilwa tu, faili zima simu yangu haifungui. Mama yako anauliza korosho alizompa dereva zimefika au kazila yeye.

Baba yako