Dada, weka hicho kidonge chini kwanza

Usimeze hiyo dozi. Umesema tumbo chini ya kitovu linakuuma kila mkishakutana na mumeo, linakaa siku mbili, na sasa unauliza mkao gani wa tendo hauumizi, mafuta gani yanafaa, na kama hizi dawa za UTI za mara ya tatu uzimalize. Mara ya tatu, na hujawahi hata kupewa kikopo ukojolee! Mimi nilifika ya tano, kwa hiyo unaongea na mwenye shahada ya ujinga.

Kwangu ilianza hivyohivyo. Wakati wa tendo nasikia kama kuna kitu kinagongwa ndani, tukimaliza najikunja kama jongoo. Nikaenda duka la dawa. Yule kijana hakuniuliza hata hedhi ya mwisho nimeona lini. "UTI hiyo, dada." Nameza, maumivu yanatulia, baada ya wiki mbili yamerudi. Narudi kwake, ananibadilishia rangi ya vidonge. Ilibaki kidogo anipe hisa za duka.

UTI huunguza ukikojoa, unabanwa mkojo kila mara. Mimi sikuwa na hilo hata siku moja! Nilikuwa na uchafu wa njano na matone ya damu baada ya tendo, nikaona aibu kusema. Na shoga yangu aliyenishauri nijioshe ndani kwa maji ya ndimu, Mungu anamuona. Kujiosha kule kunaweza kusukuma vijidudu juu kwenye kizazi.

Miezi minane, mpaka homa ikanipeleka kwa daktari. Akavaa glavu, akaingiza vidole viwili, akaisogeza shingo ya kizazi kidogo tu. Niliruka, nusura nimpige teke. Akasema, "Basi, nimeelewa." Dakika moja! PID, yaani maambukizi ya kizazi na mirija, na kipimo cha ute kikaonyesha klamidia, ugonjwa wa zinaa. Dozi siku 14, mume naye akatibiwa, na kitanda kikawa cha kulala tu hadi wote tumemaliza. Alinuna, eti yeye haumwi popote. Wanaume wengi klamidia haiwaumi, ndiyo maana mnarushiana kama mpira.

Baadaye nikapigwa picha ya mirija ya uzazi, ile ya kuingiziwa dawa ionekane inapita wapi. Kulia dawa imepita ikamwagika vizuri, kushoto imekata kama barabara iliyobebwa na mafuriko. Mrija mmoja umeziba. Na yule kijana bado anauza, tena kwa tabasamu.

Sisemi na wewe ni PID. Inaweza kuwa uvimbe kwenye ovari, faibroidi (uvimbe wa kizazi), ukavu tu, au endometriosisi, yaani tishu kama za ndani ya kizazi kuota nje yake, hasa kama hedhi nayo inakutesa. Hiyo endometriosisi, ultrasaundi inaweza kutoka safi na bado ipo. Mimi siwezi kujua nikiwa huku kwenye simu, na muuza dawa hawezi kujua akiwa nyuma ya kaunta. Asiyekupima ndani asikupe dawa! Akikuambia "jaribu hizi kwanza", chukua mkoba wako uondoke.

Ila kama hedhi imechelewa na maumivu yamekaa upande mmoja, au unasikia kizunguzungu, usingoje kesho, nenda hospitali sasa hivi. Mimba ikitunga nje ya kizazi haina subira. Hebu niambie, hedhi ya mwisho umeona lini?