Orvieto: usikimbilie kanisani kwanza

Mara ya kwanza nilipokwenda Orvieto, mji wa Italia, nilifanya kama wengi. Nilipanda treni Roma, mwendo wa saa moja na ushee, nikaenda moja kwa moja hadi kanisa kuu, Duomo, nikapiga picha, nikala, nikarudi. Nikajiona nimeshaumaliza mji. Safari ya pili nilikuwa na mama mdogo, aliyekuja kunitembelea kutoka Moshi, ndipo nikajua kwamba sikuwa nimeona kitu.

Anza na maji. Mji umekaa juu ya mwamba wa tufo, jiwe laini la volkano, na kingo zake zimesimama kama ukuta. Adui hapandi kirahisi, lakini maji nayo hayapandi. Hata funikulare, behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma kutoka stesheni hadi mjini, lilipoanza mwaka 1888 liliendeshwa kwa uzito wa maji. Siku hizi ni umeme.

Ukifika juu utakuta basi la kwenda Duomo. Liache liende. Hatua chache tu kutoka hapo kipo kisima kiitwacho Pozzo di San Patrizio. Mwaka 1527 majeshi ya Kaisari Karoli wa Tano yaliipora Roma, Papa Klementi wa Saba akakimbilia Orvieto. Akihofia mji kuzingirwa na kukosa maji, akamwagiza msanifu majengo Antonio da Sangallo achimbe kisima. Kilikamilika 1537, Papa mwenyewe ameshafariki.

Kina zaidi ya mita 50, na ngazi mbili zinazozunguka shimo: moja ya kushukia, moja ya kupandia, kila moja vidato 248. Nyumbu walishuka huku, wakavuka kidaraja chini, wakapandia kule na mzigo wa maji, bila kupishana. Tulipofika katikati, mama mdogo alichungulia kwenye dirisha moja kati ya yale 70, akaona watu ng'ambo ya shimo, akawapungia mkono. Akakaza mwendo ili tuwakute. Hatukuwakuta. Wao walikuwa wanapanda.

"Mwanangu, nimepanda ndege kuja kuona kisima?" akaniuliza chini kabisa. Wakati wa kupanda alipumzika mara tatu. Mwenye magoti mabovu asijaribu, na sweta chukua hata kama ni Agosti.

Kisha shuka mapangoni. Chini ya mji kuna mashimo kama 1,200 yaliyochimbwa na watu, na mengi huingii bila mwongozaji. Humo utaona visima vyembamba vya Waetruski, waliokuwa na mji wao hapa mpaka Warumi walipouangamiza mwaka 264 KK. Kuta za visima zina vishimo vya kukanyagia. Utaona pia vyumba vilivyotobolewa viota vya njiwa. Njiwa hujitafutia chakula nje na kurudi kulala, kwa hiyo nyama ilikuwapo hata mji ukizingirwa. Mpaka leo mahotelini wanampika.

Sasa nenda Duomo. Lilianza kujengwa 1290, kwa mistari ya mawe meupe na meusi; mama mdogo aliliita pundamilia. Ndani kimehifadhiwa kitambaa cha altare ambacho, kwa mapokeo, kilidondokewa damu ya hostia, mkate wa Ekaristi, huko Bolsena mwaka 1263. Papa Urbano wa Nne alikuwa anaishi Orvieto, na ni kutoka hapa, mwaka 1264, alipoiamuru sikukuu ya Ekaristi kwa Kanisa zima. Mama mdogo aliwahi kumwaga maua kwenye maandamano ya sikukuu hiyo akiwa mtoto. Alikaa mbele ya kile kitambaa muda mrefu, mimi nikaenda upande wa pili kutazama michoro ya Luca Signorelli, ya 1499 hadi 1504, ambapo Mpinga Kristo anahubiri huku shetani akimnong'oneza sikioni.

Jambo la mwisho: tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igonge kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Mimi nilisahau. Faini ile ingetulisha wote wawili mchana, na njiwa juu yake.