Msitu ukishaungua: maswali ya walimu na wazazi

Nilionyesha darasa picha ya msitu ulioungua. Mtoto mmoja akalia, akasema wanyama wote wamekufa. Nimjibu nini?

Mwalimu mwenzangu, usimnyamazishe. Wapo waliokufa, na ana haki ya kuambiwa hivyo. Kisha mweleze kwamba ndege wengi huruka, wengine hukimbia, na wadogo hujificha mashimoni. Udongo hauingizi joto upesi, kwa hiyo sentimita chache chini ya majivu mizizi mingi husalimika. Wapo hata mbawakavu wanaoufuata moto ili watage kwenye magogo yaliyoungua, na vigong'ota huja kula mabuu yao.

Mbegu zinatoka wapi kama kila kitu kimeteketea?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Nyingine huletwa na upepo, nyingine zilikuwa zimelala ardhini. Lakini anza na msonobari uitwao lodgepole wa Amerika Kaskazini. Koni zake nyingi, yaani vibebeo vya mbegu vyenye magamba, hufungwa kwa utomvu mgumu, hukaa hivyo miaka na miaka. Moto ukija, utomvu unayeyuka, magamba yanaachia, mbegu zinamwagika juu ya majivu. Mwaka 1988 moto ulipita katika zaidi ya theluthi moja ya hifadhi ya Yellowstone, Marekani, na misonobari ikaota tena bila kupandwa na mtu.

Waonyeshe kwa macho: gandisha vipande viwili vya kadibodi kwa nta ya mshumaa, katikati weka mbegu. Viweke wewe mwenyewe juu ya mfuniko wa sufuria inayochemka. Nta ikilainika, acha watoto waseme kilichotokea kabla hujasema wewe.

Watoto wa miaka tisa wataelewaje mambo ya miaka mia?

Tandaza utepe sakafuni, sentimita moja iwe mwaka mmoja. Mwanzoni chora majani na maua, mbele kidogo vichaka, kisha miti michanga, na msitu mkubwa uwe mbali kabisa. Kila mmoja aweke kidole kwenye umri wake. Atakuta bado yuko vichakani, na bibi yake yuko kwenye miti.

Je, msitu hurudi ulivyokuwa?

Si kila mara, na tusiwadanganye. Moto mwingine ukija kabla miti michanga haijazaa mbegu, nyasi au vichaka vinaweza kutwaa mahali pake. Waulize: kwenye utepe wetu, moto wa pili ukiwaka kwenye sentimita ya tatu, nani atatoa mbegu?